Tuktuk Bubu na Ngamia wa Qorahey

2 Oktoba

Imefika. Imeteremshwa kutoka kwenye lori mbele ya banda la akina mama wa maziwa hapa Bulla Iftin, na watu walijaa kana kwamba tumeletewa bibi harusi. Ni tuktuk ya mizigo, nyeupe, na nyuma ina sanduku la mbao la kupangia mitungi. Haina tangi la petroli, haina bomba la moshi, na ukiiwasha husikii kitu. Mzee mmoja aliniuliza mara tatu kama imewaka. Mara ya tatu nilimjibu kwa kuondoka nayo.

Kampuni ya Nairobi iliyoileta inataka dereva aandike kila siku umbali, chaji na hitilafu. Hayo nayaandika kwenye simu yao. Humu kwenye daftari naandika yangu, tena kwa Kiswahili, kwa sababu Hooyo hakisomi. Hooyo ni mama yangu Kinsi, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, na akijua ninavyomtaja humu atanifukuza bandani kwa mwiko.

Masharti yamesemwa waziwazi. Madam Idman wa kampuni alisimama mbele yetu na kusema mvua za deyr, hizi za vuli, zikiisha atarudi. Akikuta wafugaji wameikubali tuktuk, itabaki kwetu. Wasipoikubali, kuna kikundi huko Eldas wanaingojea kwa hamu. Ikienda Eldas mimi narudi kuosha mitungi, na leseni yangu inarudi kabatini ilikokaa tangu niipate. Sitaki. Nimeandika hapa ili nikumbuke nilivyotaka kazi hii siku ya kwanza, kabla haijanichosha.

3 Oktoba

Fundi anaitwa Dabasso, Mborana wa Buna, na kazi yake ni betri na paneli za sola zilizo juu ya paa la banda. Kisomali chake ni cha kuombea maji, Kiborana changu ni sifuri, basi tunasema Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili. Ni mpole kiasi cha kukera.

5 Oktoba

Safari ya kwanza Qorahey, na Mungu anisamehe kwa niliyoyasema njiani kurudi.

Qorahey ni malisho ya ngamia kaskazini ya mji, njia ya mchanga mtupu. Chaji moja inatosha kwenda na kurudi, na kinachobaki ni cha kufika dukani tu. Ngamia walio wengi huko ni wa Adeer Kerrow, mzee ambaye sote tunamwita adeer, yaani ami, na maziwa yake ndiyo nusu ya banda letu. Miaka yote maziwa hayo yameletwa na Bare kwa pikipiki. Yanafika yakinuka petroli, na wateja wanakunja pua, maana maziwa yetu hupenda moshi, lakini ule wa mti tunaofukizia mitungi. Ndiyo sababu Hooyo aliililia tuktuk hii.

Kile ambacho hakuna aliyekifikiria ni kwamba pikipiki ya Bare inasikika toka mbali. Wachungaji wakiisikia ndipo wanaanza kukama, na Bare anafika maziwa yakiwa bado na povu. Mimi nilifika kimya. Hakuna aliyejua. Nilitokea nyuma ya kichaka wakati kijana mmoja amesimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, anamkama ngamia mkubwa mwenye sikio lililochanika. Ngamia aliruka. Chombo kikaruka. Kijana akaruka pia. Ngamia wengine wote wakabana maziwa, na ngamia akishabana hata umwimbie haachii.

Adeer Kerrow alikuja na fimbo yake, akaizunguka tuktuk kama mtu anayekagua mzoga. "Kitu kinachokuja bila sauti," akasema, "kimekuja kula."

Nimerudi na mitungi mitupu, na Hooyo ameiosha yote kana kwamba ilikuwa na maziwa. Afadhali angenigombeza.

6 Oktoba

Nimekwenda na Dabasso kuomba radhi. Kwa kuwa Adeer Kerrow hajui Kiborana, alizungumza naye Kiswahili.

"Wanyama yangu ameogoba," akasema. "Nyinyi leta kitu kama fisi."

Dabasso, kwa upole wake wote, akaona amtulize kwa methali. "Mzee wangu, wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama."

Adeer Kerrow akamwelekezea fimbo. "Ndiyo hiyo mimi nasema."

Tumepigwa marufuku. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha Dabasso, naye hakujua amekosea wapi mpaka tulipofika mjini.

9 Oktoba

Nimejaribu honi. Nimesimama mbali, nikapiga honi kwa adabu. Ngamia walikimbilia upande wa pili wa bonde. Siandiki zaidi.

12 Oktoba

Mvua ya kwanza. Harufu ya ardhi ilinifanya nisahau hasira kwa saa nzima.

14 Oktoba

Dabasso amepata wazo, na wakati huu nilimwamini, kwa hiyo nusu ya aibu ni yangu. Alirekodi pikipiki ya Bare kwenye simu, akafunga spika juu ya tuktuk. Kilomita mbili kabla ya Qorahey tukaachia mngurumo. Ikafanya kazi, tena kupita kiasi. Wanawake wote wa Qorahey walitoka mbio, maana Bare huwapelekea sukari na majani ya chai. Wakatukuta sisi, mikono mitupu, tunanguruma.

Eeddo Faay, mke wa Adeer Kerrow, alishika kiuno. "Basi sasa mnaiba na sauti za watu?"

Habari ilifika mjini kabla yetu. Bare alikuwa ananingoja bandani, ameegemea pikipiki yake. "Manze Zeinab," akasema, "umeninyang'anya route, sawa. Sasa unachukua hadi sauti yangu?" Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa anacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaingia ndani nikalia kidogo. Madam Idman amepiga simu kuuliza maendeleo. Nimemwambia tunazoeana.

19 Oktoba

Leo nina la kuandika juu ya Aabo.

Baba yangu, Adan, alikuwa na ngamia. Ukame mkubwa wa utotoni mwangu uliwamaliza, na wale wachache waliobaki aliwauza ili tuhamie mjini. Tangu hapo anakaa kwenye mkeka uani na redio. Anajua mambo ya vita vya nchi nisizoweza kuzitaja, lakini hajui bei ya maziwa wala hataki kuijua. Nimekuwa nikimwona mtu aliyestaafu uhai. Naandika hivyo kwa sababu leo amenishangaza.

Jioni nilikuwa namlalamikia Hooyo, kwa sauti kubwa kama kawaida yangu, kwamba ngamia hawapendi kimya, hawapendi honi, hawapendi spika, basi wanapenda nini. Aabo akapunguza redio.

"Wanapenda kujua ni nani," akasema.

Akaingia ndani, akakaa huko kiasi, akatoka na koor, kengele yetu ya mbao, ile anayovishwa ngamia wa mbele ili kundi lisipotee vichakani. Sikujua kama bado tunayo. Akaifuta vumbi kwa shuka.

"Ifunge chini ya sanduku. Itagonga yenyewe barabara ikiitikisa. Lakini ukimaliza kazi na kuondoka, ijaze nyasi inyamaze. Umesikia? Nyasi, mpaka ishibe."

"Nimesikia, Aabo."

20 Oktoba

Ngamia wamesimama! Nilikwenda polepole, koor ikigonga chini yangu, tok, tok, na ngamia wakainua vichwa na kuendelea kula. Wachungaji walisikia, wakaanza kukama. Yule mkubwa mwenye sikio lililochanika alikuja kunusa sanduku na hakutaka kuondoka. Adeer Kerrow alisimama mbali, hakukaribia, lakini hakukataza. Nilijaza koor nyasi, nikarudi na mitungi imejaa. Wateja walinusa maziwa, wakanusa tena. Hakuna petroli. Hooyo alitembea bandani kama gavana.

23 Oktoba

Imejaa tena.

27 Oktoba

Tope. Nilikwama mara mbili, nikatolewa na watu walewale walionicheka.

30 Oktoba

Adeer Kerrow bado haongei nami. Maziwa anawaachia vijana watoe, yeye mwenyewe anageuka kando kama hajaona. Hooyo anasema huko si kukubali, ni kufumba macho, na Madam Idman hatakuja kuhesabu macho yaliyofumbwa. Dabasso anasema nivumilie. Nimemwambia akitaja mvumilivu na mbivu zake nitamwacha njiani atembee.

3 Novemba

Nimekaa kwenye mkeka wa Eeddo Faay, miguu imevimba, na lazima niandike kabla sijalala.

Asubuhi tulikama vizuri. Mawingu yalikuwa yameshuka, meusi tii, na wachungaji walikuwa na haraka ya kuingia kwenye vibanda. Nami nilikuwa na haraka ya kupita korongo kabla halijajaa. Nikapakia, nikaondoka. Koor sikuijaza nyasi. Aabo aliniambia, nikasema nimesikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo shuleni tulivyoimbishwa, na mimi ndiye niliyekuwa naimba kwa sauti kuliko wote.

Mvua ilinipiga, barabara ikawa uji, tuktuk ikawa inakwenda mwendo wa mtu mzima. Nilisikia kengele ikigonga lakini masikio yangu yalikuwa yameizoea. Nilipofika karibu na makaburi ya nje ya mji nikaona watoto wamepanga mstari kando ya barabara wananicheka. Nikadhani ni uso wangu una tope. Kisha nikageuka.

Ngamia wa Adeer Kerrow walikuwa nyuma yangu. Hawakuwa wamekimbia wala kupotea. Walikuwa wamepanga foleni nzuri, shingo nyuma ya shingo, wanakuja nami mjini. Mbele yao kabisa, pua karibu na mitungi, yule mwenye sikio lililochanika.

Nilipiga simu nyumbani. Aabo akapokea.

"Aabo, ngamia wa Kerrow wananifuata."

"Wangapi?"

"Wote."

Nilisikia redio ikizimwa. "Nani yuko mbele?"

"Mkubwa mmoja, jike, sikio lake limechanika."

"Hogol," akasema, na sauti yake ikabadilika nikadhani ni mtandao. "Huyo nilimuuzia Kerrow wakati wa ukame. Amezaliwa chini ya kengele hiyo. Anadhani tunahama."

Nilimwambia nitaijaza nyasi sasa hivi, watarudi wenyewe. Akanikatiza kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. "Usiiguse. Ukiizima hapo, watatawanyika vichakani kwa mvua hii, mchungaji hayupo na fisi wapo. Mchungaji ni wewe. Geuza kwa duara kubwa, usiwakate mbele, uwarudishe kwao."

"Na chaji, Aabo? Haitoshi kurudi. Na maziwa je? Yataharibika."

"Maziwa kesho yatakuwapo. Ngamia wakipotea hakuna kesho."

Nilitazama mitungi. Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya lile sanduku, na banda la Hooyo lilikuwa mbele yangu, naona mpaka bati lake. Nikageuza. Duara kubwa, kama alivyosema, kupitia uwanja wa makaburi na nyuma ya soko la mbuzi, na ngamia wote wakageuka nami kwa heshima zao. Watu walinipiga picha. Nimeambiwa nipo kwenye simu za mji mzima.

Nusu ya njia, betri ikaisha. Tuktuk ikasimama bila kishindo, kama ilivyo tabia yake. Nilishuka, nikaifungua koor, nikaishika mkononi, nikaanza kutembea. Hogol akanifuata. Wengine wakamfuata. Baada ya muda wakaanza kusita, wananusa upepo, wawili wakatoka kando. Nikampigia Aabo tena, nimekaribia kulia.

"Waimbie," akasema.

"Sijui nyimbo za ngamia. Nilikua mjini, umesahau?"

Basi akaimba yeye. Niliweka simu kwenye spika, nikaiinua juu ya kichwa kama mwendawazimu, na baba yangu ambaye sijamsikia akiimba tangu tuhame aliwaimbia ngamia wa mtu mwingine kutoka uani Bulla Iftin. Wale wawili walirudi kwenye mstari. Nililia njia nzima, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha sikuona haja ya kujizuia.

Adeer Kerrow alikutana nasi kabla jua halijazama. Alikuwa amelowa, fimbo begani, na nyuma yake vijana wake wawili nyuso zimewashuka. Aliwatazama ngamia mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Kisha akaitazama koor mkononi mwangu, akasikia sauti kwenye simu.

"Huyo ni Adan?"

"Ndiye, adeer."

Akaichukua simu. Walizungumza muda mrefu, na mimi nikakaa chini kwenye tope kwa sababu miguu ilikataa. Aliponirudishia simu akauliza maziwa yako wapi. Nikamwambia yamebaki kwenye tuktuk, barabarani.

"Uliacha maziwa ukawaleta hawa."

"Ndiyo."

Hakunishukuru. Tulipofika Qorahey alimwita mkewe anitafutie nguo kavu.

4 Novemba

Tuktuk imevutwa na ngamia wa mizigo hadi Qorahey. Dabasso alifika asubuhi kwa lifti ya lori la mchanga na akaikuta inakuja nyuma ya mnyama, kamba shingoni. Alisimama akaitazama. Kisha akasema kwamba kwenye mafunzo ya kampuni hawakuifikia sura hii. Sikujua kwamba Dabasso anajua kuchekesha. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Maziwa yameganda yote. Eeddo Faay alionja, akasema ni susa safi, na mitungi yetu ilikuwa imefukizwa vizuri. Lori la mchanga likaturudisha mjini pamoja na tuktuk, Hooyo akaiuza susa yote kabla ya magharibi, na sasa wateja wanauliza ngamia watanifuata lini tena.

9 Novemba

Aabo amekuja Qorahey. Alikaa mbele pamoja nami, amevaa kanzu ya Idi, hakusema kitu njia nzima. Hogol alimwona, akaja, akaweka kichwa begani kwake. Nimegeuka nikajifanya nakagua tairi.

Baadaye wazee wawili na Dabasso walikaa karibu na kisima cha pampu. Kisima hicho kinaendeshwa kwa sola, na Adeer Kerrow ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Dabasso alikuwa amekitazama kwa hamu kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Aliomba tuchajie hapo, ili nisiishiwe tena njiani.

"Kisima si ya magari," Adeer Kerrow akamjibu. "Malori tulikataza yote."

Aabo akaingilia kwa Kisomali. "Kerrow, mabwawa yamejaa mvua, pampu imelala, hakuna anayechota. Jua linamwagika juu ya paneli zako kila siku bila kazi. Yangekuwa maziwa yanamwagika hivyo ungekaa ukatazama?"

Adeer Kerrow alijikuna ndevu. Tumeruhusiwa mpaka mvua ziishe, maji ya mifugo yakihitajika tunachomoa waya. Na nimeona jambo: wazee hawa wawili hawakuwahi kuwa na ugomvi. Kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake haya, mmoja kwa kuuza na mwingine kwa kununua.

14 Novemba

Mawingu kutwa. Dabasso anatembea chini ya paneli akiangalia juu kama anayengoja mwezi wa Idi.

17 Novemba

Mto Tana umefurika na barabara ya Nairobi imekatika. Malori ya mafuta yamekwama ng'ambo. Vituo vyote vya petroli vimefunga minyororo. Mji umenyamaza, na kwa mara ya kwanza tuktuk yangu si kiroja, maana sasa kila kitu hakina sauti.

18 Novemba

Nimemkuta Bare anasukuma pikipiki kwenye jua. Amepunguka mdomo. Nilisimama.

"Usiseme kitu," akasema.

"Sijasema."

"Lakini unafikiria."

Nilikuwa nafikiria kweli. Nilikuwa na maneno mazuri sana yaliyoiva tangu ile siku ya spika. Lakini alikuwa na mfuko wa sukari begani, na wanawake wa Qorahey wana siku kadhaa hawajanywa chai tamu. Nikamwambia apande.

21 Novemba

Bare ananisaidia vizuri kuliko nilivyotaka kukiri. Anajua nani wa kungojwa na nani wa kuharakishwa. Analeta sukari na majani, mimi nachukua maziwa, na Eeddo Faay anasema sasa tunafanana na biashara. Njiani anauliza maswali: betri inadumu miaka mingapi, je, kuna pikipiki za namna hii, zinapanda mchanga? Dabasso anamjibu kwa kirefu. Nimewaacha waongee, nimechoka kuwa mwalimu.

26 Novemba

Tumekwenda mara mbili leo. Bila petroli hakuna mwingine anayeingia malishoni, na Hooyo hataki mtoto yeyote wa mtaa wetu akose maziwa kwa sababu ya mto. Koor inajazwa nyasi kila mara. Anayeijaza ni Aabo, ambaye siku hizi hakosi safari hata moja.

2 Desemba

Barabara imefunguka. Bare amejaza tangi, na jioni ameileta pikipiki bandani akaomba Dabasso aikague kama inaweza kubadilishwa iwe ya umeme. Dabasso akasema haiwezi. Bare akasema basi atangoja inayoweza.

10 Desemba

Mbingu ni nyeupe. Mvua imekwisha. Madam Idman atafika siku nne zijazo. Nimeosha tuktuk mara mbili, na usingizi sina.

14 Desemba

Tulimpokea Qorahey kwenyewe, kwa sababu alitaka kuwasikia wafugaji kwa masikio yake. Nyuma ya gari lake lilikuja lori tupu. Nilijua ni la kubebea tuktuk kwenda Eldas.

Alizungumza kwa ustaarabu. Alisema takwimu ni nzuri, ila takwimu si watu. Alisema Eldas wamepiga simu tena. Kisha akamtolea Adeer Kerrow kishikwambi, akamwomba aweke dole gumba kuthibitisha kwamba wafugaji wameikubali.

Adeer Kerrow alikitazama kile kioo bila kukigusa. Akajibu kwa Kiswahili, ili Dabasso naye asikie.

"Mimi nimeweka kidole mingi. Kura nimeweka. Chakula ya msaada nimeweka. Chanjo ya mbuzi nimeweka. Hakuna mtu alirudi kuniuliza." Akamgeukia kijana wake. "Washa moto."

Nilidhani ni wa chai. Madam Idman pia alidhani hivyo, akatafuta pa kukaa. Moto ulipokolea, Aabo alifungua bunda alilokuja nalo chini ya shuka, akatoa chuma chetu cha chapa. Nilijua kiliuzwa pamoja na vitu vingine. Hakikuuzwa.

Kwa asiyejua: kila ukoo una sumad yake, chapa inayochomwa kwenye ngamia, na mtu akiiona popote kutoka hapa mpaka Mandera anajua mnyama huyo ni wa nani na hamgusi. Hogol bado ana yetu, lakini ya Adeer Kerrow imewekwa juu yake. Mnyama wetu wenyewe hatuna tangu ukame.

"Weka wewe, Kerrow," Aabo akasema. "Malisho ni yako."

"Nikiweka yangu, watu watasema Kerrow amenunua gari. Sijanunua. Kitu hiki kiliingia kwangu nyuma ya kengele yako, na anayekiongoza ni binti yako. Chapa yako."

Aabo alisimama mbele ya sanduku la mbao. Nilitaka kumsaidia kushika chuma lakini Hooyo alinivuta kanga. Alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio na machozi yanamtoka bila sauti. Chuma kikagusa mbao. Moshi ukapanda, mbao ikalia kidogo, na Aabo alipokiondoa chapa ilikuwa pale, nyeusi, imekaa sawasawa. Hakuna aliyepiga makofi. Wachungaji walikuja mmoja mmoja wakaigusa, kama wanavyofanya kwa mnyama mpya.

Madam Idman amekulia Nairobi, lakini babu yake alikuwa mtu wa ngamia, na sikuhitaji kumfasiria kitu. Alikaa akiitazama ile chapa. Kisha akafunga kishikwambi chake, akaenda kwa dereva wa lori, akamwambia arudi. Aliporejea alisema Eldas watatafutiwa nyingine, na kwamba ofisini atapata shida kueleza ushahidi wake, lakini ataueleza.

"Inabaki," akaniambia. "Na wewe pia."

Nilitaka kumjibu kwa maneno ya kiofisi niliyoyaandaa tangu Oktoba. Nikamkumbatia tu.

15 Desemba

Nimeamka mapema kuitoa tuktuk na nikamkosa Aabo kwenye mkeka wake. Nimemkuta juu ya paa la banda, kanzu ameipandisha magotini, anafuta vumbi kwenye paneli kwa kilemba. Nilimwita ashuke, chai imepoa. Bila hata kugeuka akaniambia mtu hanywi chai kabla mifugo yake haijala.